Msimfungie chumbani: kuhusu kuacha pombe ghafla

Mkuu mleta uzi, umesema kaka yako akiamka anatetemeka mpaka apate ya kwanza ndipo atulie, na kikao cha familia kimeamua mumfungie chumbani wiki nzima "pombe imtoke". Kuna waliokushauri umtilie dawa kwenye chakula kimyakimya. Nimewahi kuwa mlevi wa aina ya kaka yako, kwa hiyo nakujibu kwa urefu: yote mawili yanaweza kumuua.

Tuanze na huko kutetemeka. Watu hudhani mlevi anakunywa asubuhi kwa uroho. Mimi ya asubuhi hata ladha yake sikuisikia. Glasi ilibaki mezani, nikaishika kwa mikono miwili na kuinama mpaka midomo iifikie, maana nikiinyanyua nusu yake inamwagika. Baada ya muda vidole vinatulia, jasho linakata, naweza kufunga vifungo vya shati. Hapo hakuna starehe yoyote, ni dozi.

Pombe hupoozesha ubongo. Ukinyweshwa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujirekebisha: hulegeza breki zake na kukanyaga mafuta zaidi ili mwenyewe aweze kukaa macho. Iondoe pombe ghafla, breki hakuna na mguu bado uko kwenye mafuta. Hiyo ndiyo arosto ya pombe. Kwa kawaida huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho: mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kupotea. Kifafa kikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za kwanza, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani. Kisha, kati ya siku ya 2 na ya 4, baadhi yao huingia kwenye deliriamu tremensi: homa, presha kupanda, kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani. Isipotibiwa inaua. Sasa piga picha mtu wa hivyo yuko peke yake, na mlango mmeufunga kwa nje.

Si kila mnywaji yuko kwenye hatari hiyo. Wa mwisho wa wiki akiacha, wengi wao hawapati zaidi ya kukosa raha. Ila anayetetemeka asubuhi, aliyewahi kuanguka kifafa au kuchanganyikiwa alipoacha, mwenye umri mkubwa au maradhi mengine, huyo aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Na kabla hajaonwa, msimkatishe ghafla. Najua inauma kumwona ndugu akinywa huku mnasubiri, lakini ndivyo ilivyo salama.

Hospitali watampa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, au nyingine ya jamii hiyo, dozi ikipunguzwa siku hadi siku kwa takriban wiki moja. Pia watampa thiamini, yaani vitamini B1, mara nyingi kwa sindano. Msiidharau kwa kuwa ni vitamini. Mlevi wa muda mrefu huishiwa nayo, na upungufu wake huushambulia ubongo: macho kuchezacheza, kuyumba hata siku ambayo hajanywa, kuchanganyikiwa. Tiba ikichelewa, kumbukumbu huondoka na inaweza isirudi. Wodini nililala jirani na mzee mmoja mcheshi, utani anao, hadithi za ujana wake anazo, lakini kila asubuhi alinisalimu upya na kuniuliza naitwa nani.

Kuhusu ya kutilia kwenye chakula, dawa wanayoizungumzia nadhani ni disulfiramu, iliyoanza kutumika kwa walevi Denmark mwishoni mwa miaka ya 1940. Inazuia mwili kumalizia kuivunja pombe, sumu ya katikati inajaa kwenye damu: uso unawaka, anatapika, moyo unakimbia, presha inashuka. Aliyeikubali anajua asiguse pombe. Asiyejua atakunywa kama kawaida yake, na kama moyo wake ni mbovu mtamzika.

Zipo dawa za upole zaidi. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudie, ila figo zipimwe kwanza. Naltreksoni hupunguza ule utamu unaomfanya mtu aombe nyingine, lakini haifai kwa anayetumia dawa kali za maumivu kama mofini, tramadoli na jamaa zake. Mimi nilipewa hiyo niliporudia kunywa, na wengi hurudia. Nilijikuta nimeondoka na glasi haijaisha, jambo geni kabisa kwangu.

Maana wiki ya hospitali inasafisha mwili tu. Tiba yenyewe ni miezi inayofuata: dawa, mshauri nasaha, watu wa kukaa nao. Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), ambako walevi husaidiana kuacha, vilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, Bill Wilson na daktari Bob Smith wakisaidiana wasinywe. Mimi si mtu wa kusimama na kutoa ushuhuda, nilikaa nyuma. Kilichonisaidia ni kuwa na pa kwenda ile saa ya jioni ambayo miguu ilizoea kunipeleka baa.

Jamaa aliyesema hapo juu kwamba "ni tabia tu, achapwe": mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani una dalili 11 za ugonjwa wa pombe. Mtu akiwa na 2 ndani ya miezi 12 tayari ni mgonjwa, 6 kwenda juu hali ni kali. Kuchapwa hakumo.

Mkuu, zungumza na kaka yako akiwa ametulia, si akiwa chakari wala akiwa anatetemeka, na uende naye. Mtajieni daktari kiasi halisi anachokunywa kwa siku, msikipunguze kwa aibu, dozi inategemea hapo. Semeni kama amewahi kuanguka, na dawa nyingine anazotumia. Na mwangalie saa aliyokunywa mara ya mwisho, kwa sababu wataiuliza.