Maswali ya Wasomaji: Umri wa mashapo ya baharini

SWALI: Mhariri, nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Moshi. Baada ya kuwasomesha wanafunzi habari za utafiti wa mashapo (tope lililotuama chini ya maji) ya Ziwa Chala, wamenibana kwa swali hili: ikiwa kombe aliyevuliwa hai baharini mwaka 1900 hupimwa kwa kaboni akaonekana alikufa karne kadhaa kabla ya hapo, kwa nini tuuamini umri unaotajwa wa mashapo ya baharini?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Kipimo hakina ubaya, kwani kaboni 14, yaani kaboni yenye mionzi ambayo viumbe huipata kutoka hewani au majini wakiwa hai, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na mashine za leo huhesabu atomu zake katika miligramu chache tu. Mashaka huanzia kwenye asili ya kaboni hiyo. Maji ya kilindini hukaa karne nyingi bila kukutana na hewa, kaboni 14 yake ikizidi kupungua, kisha hupanda na kuchanganyika na yale ambamo viumbe hujengea makombe. Kombe hurithi uzee huo, ambao kwa wastani ni miaka 400 hadi 550, na karibu na Antaktika hupita 1,000. Wataalamu huuondoa kwa hesabu, wakitumia makombe ya zamani yaliyohifadhiwa makumbusho ili kujua hali ya kila eneo. Lakini hapo wanachukulia kwamba bahari ya miaka 15,000 iliyopita ilizunguka kama ya jana, dhana ambayo si salama sana.

Hata hivyo, mimi ningeuliza kwanza kuhusu kasi ya kutuama kwa tope. Pale linapoongezeka sentimita 2 kwa miaka 1,000, huku minyoo ikifukua sentimita 10 za juu, mtafiti anayeokota kwa brashi, chini ya hadubini, makombe ya foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja, yaliyo madogo kama punje za mchanga, huenda akaweka katika kichupa kimoja viumbe waliopishana kwa miaka elfu kadhaa, na maabara ikamrudishia tarakimu moja safi, yenye kosa la makumi machache tu ya miaka. Chala imeepuka balaa hilo, maana maji ya chini hayana oksijeni, hakuna wa kufukua, na tabaka zimebaki zimepangana; ingawa huko nako kaboni kongwe ya ziwani hulazimu marekebisho.

Kikomo cha njia hii ni miaka 50,000 hivi. Sampuli isiyo na kaboni 14 kabisa, ikichafuliwa na asilimia 1 tu ya kaboni ya kisasa, itaonekana ina miaka 37,000, kwa hiyo tarehe za kiwango hicho mimi huzisoma kwa tahadhari mpaka ziungwe mkono na ushahidi mwingine, kama tabaka la majivu ya volkano ambalo umri wake umepimwa kwa gesi ya argoni iliyomo ndani yake.