Usukani mpya, fyuzi haziishi kuungua

Swali: Assalamu alaykum fundi. Pikipiki yangu ya 150 nimeibadilisha usukani gereji moja hapa Wete, Pemba, nikatia mrefu kidogo kwa sababu ya mgongo. Tangu siku ile honi haitoi sauti, stata ya kidole haishiki mpaka nipige kiki, na nikikata kushoto hadi mwisho kuingia uani kwangu, inazima na fyuzi inaungua. Fundi mwengine kaniambia ninunue betri na CDI, kile kiboksi kinachotoa cheche ya plagi. Ninunue?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Usinunue. Betri mbovu haijui kushoto wala kulia, na CDI haiunguzi fyuzi kwa kuwa umeingia uani. Hapo pana waya umevutwa au umebanwa, na usukani ukifika mwisho unagusa chuma.

Waya za kiwandani zilikatwa kwa kipimo cha usukani wa mwanzo. Ukiuinua hata sentimita tano, waya zilizokuwa zimelegea shingoni zinakaza kama kamba ya tanga, kisha zinasuguliwa na chuma mpaka ngozi inatoka.

Chukua balbu ya taa ya breki, ya volti 12 na wati 21, iunge vipande viwili vya waya, uichomeke pahala pa fyuzi. Zima taa kubwa, fungua swichi ya ufunguo. Balbu itakaa kimya au itawaka hafifu. Sasa zungusha usukani polepole kwenda kushoto. Itakapowaka kwa nguvu zake zote, simama hapo hapo: shoti umeishika. Balbu ile haipitishi hata ampea 2, kwa hiyo hutounguza kitu wakati unatafuta. Anzia nyuma ya taa kubwa ushuke mpaka shingoni, ukitikisa waya mmoja mmoja. Utakaoififisha balbu ndio huo. Tazama na chini ya vishikio vinavyokaza usukani, maana fundi mwenye haraka hubana waya pale.

Fyuzi irudishe ya kipimo kile kile. Zile za vibapa, nyekundu ni ampea 10, ya buluu 15, ya manjano 20; usipandishe rangi ili "istahamili". Niliwahi kuletewa pikipiki iliyotiwa karatasi ya pakiti ya sigara pahala pa fyuzi. Waya zote za mbele zilikuwa donge moja jeusi.

Honi ni maradhi mengine. Katika pikipiki nyingi kitufe cha honi kinapata athi, yaani njia ya umeme kurudi betrini, kupitia chuma cha usukani wenyewe, na usukani mpya umepakwa rangi nzito. Kwangua kidogo pale swichi inapokaa, au shika waya kutoka kwenye chuma kitupu cha fremu uguse chuma cha usukani kilichokwanguliwa, kisha bonyeza. Ikilia, kosa ni athi, na honi yenyewe haina neno.

Stata, angalia chini ya mkono wa klachi. Pana swichi ndogo yenye waya mbili inayoiruhusu stata, na mara nyingi husahaulika kurudishwa. Upande wa breki ya mbele ipo ndugu yake: bana breki ya mkono, mwambie mtoto atazame nyuma kama taa inawaka.

Waya zikiwa fupi, ziongezwe kwa waya wa unene ule ule, maungio yatiwe risasi ya kuchomelea na kuvishwa mrija wa mpira. Kusokota na kufunga tepe si kazi ya kisiwani. Kwa hewa yetu ya chumvi, masika moja tu shaba inakuwa kijani na unarudi ulikotoka.

Mwisho, washa injini ikiwa huru, ugeuze usukani pande zote mbili bila kugusa mafuta. Mlio ukipanda wenyewe, basi na kebo ya mafuta imekuwa fupi. Hapo usiipande, isukume kwa miguu mpaka gereji ile ile, wakutilie kebo ndefu.