Jibu: Plasta ya mguu kifundo iishie wapi?
Dada, umeuliza kama plasta inayoishia chini ya goti inamtosha mtoto wa wiki 3 mwenye mguu kifundo, yaani aliyezaliwa na unyayo uliopinda kwa ndani. Haitoshi. Kwa njia ya Ponseti, ya kunyoosha mguu polepole kwa plasta, plasta hufika sehemu ya juu ya paja, goti likikunjwa nyuzi 90. Ile fupi huteleza na mguu ukapinda tena. Hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Mkitoka mbali, tuseme Siaya hadi Kisumu, uliza kama wanabadilisha mara 2 kwa wiki, matokeo hukaribiana. Njia ya zamani ya Kite ilichukua miezi mingi, na wengi bado walihitaji upasuaji mkubwa.

Bonyeza vidole kila siku: visiporudisha rangi, au vikizama ndani ya plasta, rudi hospitali siku hiyo hiyo, tafadhali. Baada ya plasta ni viatu vya ufito, yaani viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku hadi mtoto afike miaka 4. Mkiviacha mapema, mguu hupinda tena.