Bonasi imeharibu mauzo, au ni tabia za watu?

SWALI: Tangu tuanze kuwalipa wauzaji bonasi kwa kila mteja mpya, wateja wameongezeka, ila wengi wanaondoka baada ya miezi michache. Vikaoni hakuna anayeleta habari mbaya. Mkurugenzi anataka semina ya maadili. Mimi nasema tatizo ni bonasi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe ndiye uliye karibu na ukweli, lakini kuifuta bonasi hakutatosha.

Wauzaji wako wanafanya kile mnachokilipia. Mwaka 1991 wachumi Bengt Holmström na Paul Milgrom walionyesha kwamba mwenye majukumu kadhaa, akilipwa kwa lile linalohesabika kwa urahisi, huhamishia nguvu zake huko. Kumpata mteja kunahesabika leo. Kumtunza huonekana baadaye sana. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitaka kila mteja awe na bidhaa zake nane, kama akaunti na kadi. Kanuni za maadili ilikuwa nazo, na zimeandikwa. Hata hivyo, mwaka 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 185 kwa akaunti zilizofunguliwa bila idhini ya wateja, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Semina haiwezi kushindana na malipo ya mwisho wa mwezi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mazoea yaliyokwisha kuota mizizi. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli. Wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto walipoanza kutozwa faini, ucheleweshaji uliongezeka. Faini ikaondolewa, wao wakaendelea kuchelewa vilevile. Kilichokuwa kumkosea mlezi kilikuwa kimegeuka huduma ya kulipia. Ndiyo maana nasema timu yako haitarudi ilivyokuwa kwa sababu tu umebadilisha hesabu ya bonasi.

Shikilia sehemu kubwa ya bonasi mpaka mteja atimize miezi sita. Anayemwidhinisha mteja asiwe na mgawo kwenye bonasi hiyo. Bila utenganisho huo, kanuni yoyote itabaki kwenye karatasi. Kuhusu vikao, jiulize aliyeleta habari mbaya mara ya mwisho alifanywa nini. Kama aliaibishwa, wenzake wanakumbuka, na watakuamini tu watakapoona mwingine amesema na hakuna lililompata.

Kisha tazama bonasi yako na ya mkurugenzi. Zikiwa zinatokana na idadi ileile ya wateja wapya, zibadilisheni siku ileile mtakayobadilisha za wauzaji.