Baiskeli kuukuu ya chuma: maswali yenu na majibu yangu

Tangu niwasimulie jinsi nilivyoifufua baiskeli yangu ya mtumba, Peugeot ya Kifaransa, ile niliyoikuta imelaliwa na rundo la baiskeli za watoto hapa Tanga, maswali hayajakatika. Wengi wenu hamna haja ya mashindano. Mnataka baiskeli ya kupunga upepo jioni, na hapo tuko pamoja kabisa.

*

Nimenunua baiskeli ya mashindano ya mtumba, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Ina kutu kila mahali ila nimeona stika ya Reynolds 531. Jirani anasema nimetupa hela kwenye chuma chakavu. Inafaa kufufuliwa? (Msomaji, Kigamboni)

Jirani yako hajui alichokiona. Reynolds ni kampuni ya Birmingham, Uingereza, na 531 ni mabomba yake ya chuma kilichochanganywa na manganizi na molibdenamu, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935. Mara nyingi kuta za mabomba hayo ni nene kwenye ncha, pale yanapounganishwa, na nyembamba katikati. Ndiyo maana fremu inakuwa nyepesi na inanesa kidogo ukipita kwenye barabara mbaya. Lakini stika haikubebi. Kikague chuma chenyewe.

Ioshe fremu kwa maji ya sabuni, uikaushe, uitoe juani. Pitisha kidole chini ya bomba linaloteremka kutoka kwenye usukani hadi kwenye pedeli, hasa ile sehemu ya juu karibu na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Ukihisi wimbi, au ukiona rangi imepasuka kwa kukatiza bomba, ujue baiskeli iliwahi kugonga kitu uso kwa uso. Itazame na foku kwa ubavuni: isiwe imerudi nyuma.

Kisha chukua uzi wa mwashi. Ufunge pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa, uuzungushe mbele kwenye kichwa cha fremu, uurudishe upande wa pili. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita moja au mbili isikunyime usingizi.

Sasa kutu. Ile ya juujuu haina shida. Kwenye sehemu za kromu isugue kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji na utashangaa. Kutu ya kuogopa ni ya ndani. Maji huingia kwenye bomba la siti, yanateremka, yanatuama pale chini ekseli ya pedeli inapopita. Nilipoifungua ile Peugeot, yalitoka maji yenye rangi ya chai na matope ya kutu ya kujaza kiganja. Niligonga eneo lile kwa sarafu, kidogokidogo, nikisikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilicholika kinatoa sauti butu. Halafu nikasukuma kwa ncha ya bisibisi pale nilipopatilia shaka. Haikuzama. Yako ikizama, usiipande. Isipozama na uzi ukakubali, ifufue, na jirani umwalike aje kuiona.

*

Mimi ni mzee wa miaka 71, nina Raleigh niliyoinunua nikiwa kijana. Mkono wa pedeli unacheza. Fundi ameigonga kotapini mpaka kichwa kimepinda, na haitoki. Nifanye nini? (Muheza)

Shikamoo mzee wangu. Mwambie fundi aweke nyundo chini kwanza.

Kotapini ni kabari ya chuma inayoubana mkono wa pedeli kwenye ekseli. Ukiigonga bila kuuegemeza mkono wa pedeli, nguvu yote inakwenda kwenye gololi na bakuli zake, na kabari inabaki palepale. Weka mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, uiache ilale usiku mzima. Kesho yake tafuta kipande cha bomba la chuma chenye tundu linalopitisha kichwa cha pini. Kisimamishe wima juu ya sakafu ya saruji, mkono wa pedeli ukae juu yake, uzito wote ushuke sakafuni. Nati irudishwe mpaka ilingane na ncha ya pini, ili kuzilinda nyuzi za pini. Kisha pigo moja la nyundo nzito, la kudhamiria. Vigongo vidogovidogo ndivyo vinavyoipindisha. Kwa kuwa yako imeshapinda, huenda ikabidi ikatwe na kutobolewa kwa drili, na hilo si msiba.

Nunua pini mbili mpya zinazofanana na uziweke zikielekeana kinyume, la sivyo pedeli hazitakaa mstari mmoja. Ukishaendesha kilomita chache, igonge tena kidogo na ukaze nati. Pini mpya hukaa sawasawa ikishabebeshwa mzigo.

*

Mimi ni mwanamke, naendesha baiskeli kwenda kazini. Tairi la zamani limeandikwa 27. Muuzaji kanipa la 700C akasema ni kilekile. Haliingii kwenye rimu. Nani kakosea? (Morogoro)

Muuzaji kakosea, dada yangu, na si kosa dogo. Puuza yale majina makubwa. Tafuta namba ndogo pembeni mwa tairi. Tairi la 27 litaandikwa, kwa mfano, 32-630. La 700C litakuwa na 622 mwishoni. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapoikalia rimu, na tofauti ya 8 hairekebishiki kwa kulazimisha. Zile Phoenix na baiskeli nyingine kubwa za mzigo zenye 28 × 1 1/2 ni 635, kwa hiyo nazo hazikusaidii.

Tairi za 27 bado zinatengenezwa ila kwetu ni za kusaka. Ukizikosa, badilisha magurudumu yote mawili yawe ya 622. Raba za breki itabidi uzishushe milimita 4, kwa hiyo angalia kwanza kama mikono ya breki inafika. Na ukipata rimu za aluminiamu badala ya chuma, chukua bila kufikiri mara mbili: rimu ya chuma ikilowa mvua, breki karibu hazishiki.

*

Bomba la siti limekwama, halipandi wala halishuki. Nimejaribu spana ya bomba, limechubuka tu. (Mjini Magharibi, Unguja)

Chumvi ya bahari hiyo. Bomba lako bila shaka ni la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu wa chumvi, aluminiamu hulika, na ungaunga wake mweupe unavimba na kubana. Ondoa kabisa bolti ya kubania. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwa juu, kisha igeuze baiskeli miguu juu na utie mengine kupitia tundu la ekseli ya pedeli. Rudia kila siku kwa wiki nzima. Usiharakishe.

Baada ya hapo libane bomba kwenye jiliwa imara na uizungushe fremu yenyewe, kushoto na kulia, uitumie kama wenzo. Kulikanda bomba kwa barafu kabla ya kuzungusha husaidia, kwa sababu aluminiamu husinyaa kuliko chuma. Likitoka, paka grisi kabla ya kulirudisha, na ulitoe ulipake upya kila mwaka. Kwa mkazi wa kisiwani hilo ni la lazima.

*

Nipake rangi mpya? (Iringa)

Sipaki, nikiweza kuepuka. Sugua penye kutu kwa msasa laini, weka praima, gusia kwa rangi inayokaribiana, basi. Mikwaruzo mingine ilikuwepo kabla yetu na haidhuru kitu.

*

Nataka kuing'oa mikono ya gia iliyo kwenye bomba la fremu na kuweka ya kisasa kwenye usukani. Unashauri? (Mombasa)

Ndugu yangu, ningekusihi uiendeshe mwezi mmoja kwanza kama ilivyo. Kule Gaiole in Chianti, Italia, tangu mwaka 1997 watu hukusanyika kwa safari iitwayo L'Eroica, na sharti ni baiskeli ya zamani, iliyotengenezwa 1987 au kabla, mikono ya gia ikiwa palepale kwenye bomba la fremu. Watu wanapanda vilima vya vumbi nazo. Mkono unazoea haraka kuliko unavyodhani.

Gharama ya kubadilisha ipeleke kwenye gololi. Usirudishe za zamani hata zikiwa zinang'aa: habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele huwa inachukua za inchi 3/16, ya nyuma na ekseli ya pedeli za 1/4. Gololi mpya na grisi safi zitakupa wepesi ambao hakuna gia ya kisasa itakayokupa. Na unapofungua ujihadhari: pedeli ya kushoto hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Bakuli la ekseli upande wa mnyororo ni hivyohivyo kwa baiskeli za Kiingereza, lakini za Kiitaliano na nyingi za zamani za Kifaransa ni kinyume chake. Fundi mmoja aliikazia ile Peugeot yangu akidhani anafungua, na nikakesha kuinusuru.

*

Yangu imekamilika! Safari ya kwanza niende wapi? (Tanga)

Hongera sana. Nenda mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, asubuhi kabla jua halijakali. Chukua tyubu ya akiba, pampu, na spana inayoshika nati za magurudumu. Ukifika nusu njia simama kivulini, ishike kila spoku kwa vidole, uone kama kuna iliyolegea kuliko wenzake, na ukaze nati za mikono ya pedeli. Huo mkwaruzo utakaousikia mwanzoni pengine ni raba mpya za breki zinajizoesha na rimu. Ukiendelea baada ya kilomita 3, nitumie picha.