Unaanza kuhudumu kwenye mgahawa wa Kifaransa na Kijapani Paris? Anzia kwenye supu

Mdogo wangu uliyekuja Paris kusoma, ukapata zamu za jioni kwenye mgahawa unaochanganya upishi wa Kifaransa na wa Kijapani, karibu. Kazi hii naipenda na ningependa uianze vizuri. Anayeanza hukimbilia kukariri majina ya vyakula kwa sababu ndiyo yanayotisha: nusu Kifaransa, nusu Kijapani, na menyu hubadilika kabla hujaizoea. Majina yatakuja yenyewe. Wewe anza na supu. Kwenye migahawa hii mambo mengi ambayo mteja hayaoni kwa macho yamepitia kwenye supu, na kati ya sufuria na mdomo wake, mtu wa mwisho ni wewe.

Jikoni utakuta supu za aina mbili. Ya Kifaransa unaweza kuikisia: mifupa ya ndama au kuku, karoti, vitunguu, moto mdogo, saa nyingi. Ya Kijapani inaitwa dashi na haifanani na hiyo hata kidogo. Mpishi huloweka kombu, yaani mwani mpana uliokaushwa, huupasha moto polepole, na huutoa kabla maji hayajachemka, maana ukichemka supu huingia uchungu na utelezi. Kisha hutia katsuobushi, ambayo ni samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akakaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu, halafu akaparazwa vipande vyembamba sana. Vinakaa humo dakika chache, vinachujwa, kazi imekwisha. Kama umekulia pwani utaelewa haraka jambo linalowasumbua wengine: dashi ina ya kwanza na ya pili, kama tui la nazi. Ya kwanza ni safi na yenye harufu, hutumika kwenye supu nyepesi ambayo mteja ataionja yenyewe. Ya pili hutokana na mwani na samaki walewale waliochemshwa tena, nayo ndiyo hupikia mboga na kuingia kwenye michuzi.

Mwaka 1908 Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliichunguza kombu akaona kwamba ladha yake inatokana na kiambato kiitwacho glutameti, akaiita ladha hiyo umami, yaani ile ladha nono kama ya mchuzi wa nyama. Katsuobushi nayo ina kiambato kingine, inosineti, na viwili hivyo vikikutana ladha hupanda kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Hii ndiyo sababu wapishi wa Kifaransa waliipenda dashi: inawawezesha kupunguza siagi na krimu bila chakula kupooza. Ukishalielewa hili, sahani nyingi zitakufungukia bila kukaririshwa.

Sasa tazama maana yake ukumbini. Mteja hali nyama wala samaki. Anaona kwenye menyu liki za kuchoma na mchuzi mweupe wa siagi, anaagiza kwa furaha. Liki zimepikwa kwenye dashi, kwa hiyo amekula samaki. Mwingine anaagiza biringanya iliyopakwa miso, yaani rojo zito la soya iliyochachushwa, akidhani ni mboga tupu, kumbe miso hiyo imekorogwa na mirini na sake, ambazo ni pombe za mchele. Mwingine anapenda chawanmushi, yai laini lililopikwa kwa mvuke kwenye kikombe. Hilo nalo ni yai na dashi. Hakuna aliyemdanganya. Ni kwamba hakuna aliyemwambia, na kumwambia ni kazi yako. Kwa hiyo kila siku kabla ya milango kufunguliwa, nenda kwa wapishi uulize swali moja: leo dashi imeingia wapi? Andika kwenye kijidaftari. Watakuzoea, na baada ya muda mfupi watakuwa wanakuambia kabla hujauliza.

Suala la pombe na nguruwe naliweka peke yake kwa sababu linatugusa. Kuna Waislamu wengi kati yetu na kati ya wateja, na jiko hili lina pombe mahali pasipodhaniwa: divai inayolegeza mabaki ya kikaango ili yawe mchuzi, konyaki kidogo ya kumalizia, sake ya kuondoa shombo ya samaki, mirini ya kung'arisha. Usimwambie mtu kwamba pombe yote huisha motoni, maana si kweli. Sehemu yake hubaki, kutegemea muda na namna ya kupika. Jelatini ya kwenye vitindamlo mara nyingi hutoka kwa nguruwe, basi usiipitishe bila kuuliza chapa na asili yake. Mteja akikuuliza, mpe ukweli wote, umwachie yeye aamue. Nimesikia wahudumu wakijibu "ni kidogo tu, haidhuru." Jibu hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu mtu amekuuliza kuhusu dini yake nawe umemwamulia.

Kwenye mzio ni hivyohivyo, na hapo sheria ipo. Tangu Desemba 2014 kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mteja aweze kujua kama chakula kina mojawapo ya vitu 14 vinavyoleta mzio, na Ufaransa inataka taarifa hiyo iwepo kwa maandishi. Katika jiko la Kifaransa na Kijapani vingi kati ya hivyo 14 hukutana kwenye meza moja: samaki, kamba, chaza, soya, ufuta, mayai, maziwa, haradali, na ngano. Ngano ndiyo inayowaponyoka wengi, maana sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, hivyo asiyekula gluteni anaweza kuumwa na matone machache yaliyopakwa juu ya samaki. Kama huna hakika, jibu sahihi ni "naomba niulize jikoni," hata kama ukumbi umejaa na msimamizi wako anakutolea macho.

Samaki wabichi wana utaratibu wao. Kanuni za Ulaya zinataka samaki wanaoliwa wabichi wawe wamegandishwa kwa angalau nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 ili kuua minyoo, isipokuwa kwa baadhi ya samaki wa kufugwa. Mteja akiuliza, unaweza kumweleza kwa utulivu. Mjamzito hushauriwa aepuke samaki wabichi na jibini ya maziwa yasiyochemshwa. Akikuambia hali yake mapema, jikoni watampikia kingine bila shida. Ndiyo maana maswali haya huulizwa wakati wa kuagiza, chakula kikiwa bado hakijaanza kupikwa.

Kuna wateja watakaokuambia kwamba mchanganyiko huu ni mtindo wa kupita. Usibishane nao, ila ujue mizizi yake, kwa sababu wengine watauliza kwa nia njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Paul Bocuse, mpishi mashuhuri wa Kifaransa, alikwenda Japani kwa mwaliko wa Shizuo Tsuji, mwenye shule ya upishi ya Osaka iliyoanzishwa mwaka 1960. Wapishi wa Kifaransa wa kizazi hicho waliona jinsi Wajapani wanavyogawa mlo katika sahani ndogo nyingi, wanavyofuata msimu, na wanavyoacha nafasi tupu kwenye sahani. Mwaka 2003 Joël Robuchon, mpishi mwingine mashuhuri wa Kifaransa, alifungua Tokyo na Paris mgahawa ambao watu hukaa kwenye kaunta wakitazamana na wapishi, akichukua mfano wa kaunta za sushi na za tapas, yaani vitafunio vya Hispania. Wajapani nao walikuja Ufaransa kujifunza, wengine wakabaki. Kei Kobayashi, aliyezaliwa Nagano na kupita jiko la mpishi wa Kifaransa Alain Ducasse, alifungua mgahawa wake Paris mwaka 2011, na mwaka 2020 akawa Mjapani wa kwanza kupewa nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa katika kitabu hicho cha kupima migahawa, nchini Ufaransa. Kwa hiyo watu wamekuwa wakienda na kurudi kati ya nchi hizi mbili kwa zaidi ya miaka 50. Mimi naona huo ni urafiki wa jikoni, na unaonekana hasa pale mpishi anapoacha kimoja kati ya viwili kitulie badala ya kurundika yuzu (tunda la jamii ya limau), miso na wasabi (kiungo kikali cha kijani) juu ya kila kitu.

Ukifika mezani na sahani, sema mambo matatu, kisha uondoke: kitu kikuu ni nini, kilichofichika ni nini, na kinaliwaje. Mfano: "Huyu ni samaki aliyechomwa upande wa ngozi, mchuzi ni siagi iliyotiwa yuzu, tunda la jamii ya limau, supu iliyo kwenye kikombe inywe mwishoni." Inatosha. Watu wamekuja kuzungumza na wenzao, wala chakula cha moto hakisubiri hotuba. Epuka maneno kama "ladha ya kipekee," kwani hayamwambii mtu kitu. Na pale mgahawa unapotoa mlo wa kumwachia mpishi achague, ambao Wajapani huuita omakase, eleza kabla ya kuagiza kwamba hakuna menyu ya kuchagua, kwamba sahani zitakuwa ndogo na nyingi, kwamba mlo utachukua muda mrefu, na bei ni kiasi gani. Mtu aliyeambiwa mapema hula kwa raha. Asiyeambiwa hukaa akitazama saa na kujiuliza kama atashiba.

Vijiti vipo kwenye baadhi ya meza, nyingine zina uma na kisu tu. Anayeomba uma mpe mara moja, tena kwa uso mkunjufu. Wewe mwenyewe kumbuka miiko miwili ya Kijapani: vijiti havisimamishwi kwenye wali, na chakula hakipokezanwi kijiti kwa kijiti, maana yote mawili ni ya mazishi. Ukipanga meza au kubeba kibakuli cha wali, liheshimu hilo hata kama mteja halijui.

Mteja akiomba sosi ya soya ya kumwagia juu ya mchuzi wa mpishi, mpe kwenye kisahani kidogo na umshauri aonje kwanza. Akiomba maji ya bomba, ni haki yake. Mgahawa wa Ufaransa hutoa jagi la maji bure pamoja na mlo, na usimfanye aone haya kwa kuyaomba. Akiuliza kuhusu bakshishi, mwambie ukweli kwamba gharama ya huduma imo kwenye bei, na anachoongeza ni hiari yake. Ndugu zetu wanaotembelea Paris kwa mara ya kwanza mara nyingi hawayajui haya na huogopa kuuliza. Ukimsikia mtu mezani anaongea Kiswahili, msalimie, umweleze kwa lugha yake. Nimeona mabega ya watu yakishuka hapohapo.

Kuhusu kazi yenyewe kwa ufupi: mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, hivyo weka hesabu yako mwenyewe, usimtegemee msimamizi. Mwajiri anapaswa kukuandikisha serikalini kabla hujaanza. Omba uthibitisho na utunze kila karatasi ya mshahara. Zamu mara nyingi hugawanyika, mchana na usiku, na saa kadhaa tupu katikati. Jikoni, anayepita nyuma yako na sufuria atapaza sauti "chaud!", yaani moto, simama palepale ulipo, usigeuke.

Halafu kula chakula cha wafanyakazi kabla ya zamu, na uombe kuonja. Huwezi kumweleza mtu mchuzi usioujua ulimini mwako. Kama wewe ni Mwislamu, au una mzio, sema tangu siku ya kwanza kile usichoonja. Wapishi wenye adabu watakuelezea harufu na viungo, na dashi unaweza kuionja kabla haijatiwa sake. Na kama bado uko kwenye mahojiano, waulize wahudumu huonja lini sahani mpya. Jiko makini lina jibu tayari, kwa kawaida ni kabla ya zamu, menyu inapobadilika. Wakikujibu kwamba wahudumu hawaonji, nawe umeomba pia mahali pengine, nenda huko pengine.