Maswali ya Wasomaji: Kitabu Kinapovuka Mpaka wa Taaluma

Mwezi huu barua nyingi zimehusu vitabu vya kitaaluma vinavyochanganya sanaa, siasa na sayansi ya mazingira. Nimehariri miswada ya aina hiyo kwa muda mrefu, na ni vitabu ninavyovipenda kuliko vyote, kwa hiyo leo nimeviachia safu nzima.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma historia ya sanaa, mwaka wa pili. Tumepewa kitabu kinachodai kwamba michoro ya zamani inaweza kutueleza hali ya bahari na anga za enzi hizo. Sayansi niliiacha sekondari. Nitajuaje kama mwandishi anasema kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huna haja ya kurudia fizikia yote. Kitabu cha namna hii usikipime pale mwandishi anapozungumzia taaluma yake mwenyewe, maana hapo kila mtu ni hodari. Kipime pale anapochukua ushahidi wa taaluma ya wenzake. Je, anakueleza ushahidi huo ulitengenezwaje, na kwa nini uaminike?

Chukua mfano wa Canaletto, mchoraji wa karne ya 18 wa Venice, mji wa Italia uliojengwa majini. Katika kazi yake alitumia kamera obskura, yaani kisanduku chenye lenzi kinachoangusha taswira ya jengo juu ya karatasi, mchoraji akaifuatisha kwa kalamu. Kwa hiyo vipimo vyake viko karibu sana na majengo yenyewe. Tena alichora hata ule mstari wa kijani wa mwani kwenye kuta za majumba, na mwani huota ukutani mpaka pale maji kujaa yanapofika kwa kawaida. Mwanasayansi wa Italia, Dario Camuffo, pamoja na wenzake walilinganisha mstari wa kwenye michoro na ule unaoonekana leo, wakakadiria kwamba maji yamepanda kwa takriban sentimita 60 tangu enzi za Canaletto. Sehemu ya ongezeko hilo ni bahari kupanda, na sehemu ni ardhi ya Venice kudidimia. Majumba mengi bado yamesimama, hivyo anayetilia shaka usahihi wa mchoro anaweza kwenda kupima madirisha.

Umeona ushahidi ulivyosimama? Mchoraji alitumia chombo kinachojulikana, alichora kitu chenye sababu ya kibiolojia, na kazi yake inakaguliwa hadi leo. Kitabu kikikupa hayo yote, kiamini.

Sasa linganisha na machweo mekundu ya Turner, mchoraji wa Uingereza, ambayo hupendwa sana na waandishi. Mlima Tambora, volkano ya Indonesia, ulilipuka mwaka 1815, na chembechembe za salfa zilizosambaa angani zilifanya machweo yawe mekundu sehemu za mbali kabisa. Hilo ni kweli. Lakini mchoraji anaweza kuchagua wekundu kwa sababu tu anaupenda, na rangi nazo hubadilika kwa umri. Ndiyo maana Christos Zerefos na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2007, hawakutegemea mchoro mmoja. Walipima uwiano wa rangi nyekundu na kijani katika mamia ya michoro ya kati ya mwaka 1500 na 1900, wakaona wekundu ukiongezeka katika miaka iliyofuata milipuko mikubwa. Mwandishi akikuletea mchoro mmoja wa Turner na kuusoma kama kipimajoto, weka alama ya kuuliza pembeni. Akikuletea mamia, tulia umsikilize.

SWALI: Ndugu Mwalimu, kwenye kozi yetu ya mazingira tumefundishwa kwamba mali ya wote lazima iangamie. Rafiki yangu anayesoma siasa anasema nadharia hiyo ilishapinduliwa. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa neno "kupinduliwa" limezidi kidogo.

Garrett Hardin alikuwa mwanabiolojia. Mwaka 1968, katika jarida la Science, aliwataka wasomaji wafikirie malisho yaliyo wazi kwa kila mtu. Mfugaji anayeongeza ng'ombe mmoja hupata faida yote peke yake, ilhali hasara ya nyasi kuisha hugawanywa kwa wote. Kwa hiyo kila mmoja huongeza, na malisho hufa. Hoja ni kali, na imenyooka. Ila malisho yale yalikuwa ya kufikirika. Swali la namna watu wanavyokubaliana na kusimamiana ni la siasa, na hapo Hardin alikuwa ugenini.

Elinor Ostrom, aliyesomea sayansi ya siasa, alikwenda kwenye malisho, mifereji na maeneo ya uvuvi yaliyopo kweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 anaeleza kijiji cha Törbel nchini Uswisi. Kanuni yao ya mwaka 1517 ilikataza mtu kupeleka kwenye malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Tazama akili iliyomo humo: kiasi cha majani makavu ambayo mtu amewawekea ng'ombe wake kwa ajili ya baridi hakifichiki, hivyo jirani yeyote anaweza kuhesabu. Mwaka 2009 Ostrom akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Lakini usimsome haraka. Hakusema kwamba mali ya wote huokoka daima. Anaeleza pia mifano iliyoshindwa, na anatafuta kinachotofautisha: mipaka inayojulikana, wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji wenyewe, na adhabu inayoanza ndogo kisha ikapanda. Hardin naye aliandika tena mwaka 1998 kwamba alipaswa kusema wazi kuwa alizungumzia mali ya wote isiyosimamiwa. Someni wote wawili, mkianza na Ostrom.

SWALI: Je, ni lazima nisome kitabu kizima?

JIBU: Si lazima. Anza na faharasa. Kitabu kinachojiita cha sanaa na mazingira, halafu faharasa yake haina mto, udongo wala mvua, kimeshakujibu.

SWALI: Mwalimu wetu anasema kitabu chenye lugha tamu si cha kitaaluma. Wewe waonaje?

JIBU: Namheshimu, ila sikubaliani naye hata kidogo. Rachel Carson alianza chuo akisomea fasihi ya Kiingereza, akahamia biolojia, na mwaka 1932 akapata shahada ya uzamili ya zuolojia. Kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu viuatilifu kina nathari ya kupendeza, na nyuma yake kuna kurasa kwa kurasa za marejeo. Makampuni ya kemikali yalimshambulia vikali. Mwaka 1963 washauri wa sayansi wa Rais Kennedy walitoa ripoti iliyounga mkono wasiwasi wake mkuu. Carson alifariki mwaka 1964, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi ya kiuatilifu cha DDT katika kilimo. Lugha yake ndiyo iliyoufikisha ushahidi kwa watu ambao wasingefungua jarida la kemia.

SWALI: Nikienda maktaba vitabu hivi sivioni. Huwekwa wapi?

JIBU: Kitabu hupewa namba moja tu ya rafu, hata kama kina taaluma tatu. Katika mfumo wa Dewey, siasa iko 320, ikolojia 577, na sanaa huanzia 700. Kitabu kuhusu usimamizi wa misitu au malisho mara nyingi kimekaa 333, pamoja na uchumi wa ardhi, mahali ambapo mwanafunzi wa ikolojia hafiki. Kwa hiyo usitafute kwa kutembea kwenye rafu. Tafuta kwa mada kwenye katalogi, na ukikipata kimoja kizuri, angalia mada zote alizokiandikia mkutubi, kisha utafute kwa kila moja ya hizo.